Glasi Iliyotangulia Chakula

Kabla Benny Moré hajaimba mbele ya watu waliolipa kiingilio, alikata miwa. Alizaliwa tarehe 24 Agosti 1919 Santa Isabel de las Lajas, mji mdogo wa katikati ya Cuba uliozungukwa na mashamba ya miwa, akiwa kifungua mimba katika nyumba iliyokuja kuwa na watoto 18. Mwaka 1936 alikwenda Havana kujaribu bahati. Akachuuza matunda na mboga zilizoanza kuharibika, akaona maisha hayaendi, akarudi kuungana na ndugu yake Teodoro kwenye panga na miwa. Akiba ya kazi hiyo ndiyo iliyomnunulia gita lake la kwanza la maana. Yale ya utotoni alijitengenezea mwenyewe kwa ubao na uzi. Tarehe 19 Februari 1963 alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 43, ini lake likiwa limeharibiwa na ramu. Na ramu ni molasi, yale masalia mazito meusi yanayobaki kiwandani sukari ikishatolewa, yakachachushwa na kukenekwa. Muwa ulimpa gita, muwa ukamwondoa.

Simtaji ili nimhukumu. Nimesikiliza sauti yake tangu ujana wangu, na sijui sauti nyingine inayoweza kuwa na kicheko na kilio katika pumzi moja kama ile. Ila kadiri umri unavyosogea, swali langu limemwacha yeye na kuwaendea waliomzunguka. Zamani nilikuwa nikiuliza: mtu mwenye kipaji kikubwa hivi, kwa nini alikunywa namna ile? Siku hizi najiuliza: ile glasi ilitoka mkononi mwa nani?

Aliporudi Havana mwaka 1940 alianza kama wanavyoanza waimbaji wengi wa nchi za joto. Gita mgongoni, anatoka mkahawa huu anaingia ule, anaimba mezani kwa watu wanaokula, halafu anapitisha kofia. Kazi ya aina hiyo haina mkataba wala saa ya kuisha. Mwenye meza akifurahi, anatoa sarafu. Akifurahi zaidi, anaita mhudumu na kumwagizia mwimbaji kinywaji. Ukikataa sarafu utaonekana una majivuno, na ukikataa kinywaji utaonekana humtaki mwenye meza. Kijana aliyetoka shambani hana ubavu wa kukataa kimojawapo.

Mwaka 1945 kundi la Miguel Matamoros lilimchukua kwenda Mexico. Wenzake walirudi nyumbani, yeye akabaki. Huko alirekodi na Pérez Prado, mtindo wa muziki uitwao mambo ukapata moto, na jina la kijana wa Lajas likaanza kuvuka bahari. Alirejea Cuba mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1953 akaunda bendi yake, Banda Gigante, safu nzima ya tarumbeta, saksafoni na ngoma. Wanamuziki wake aliwaita kabila lake. Hakujua kusoma noti. Aliwaimbia wapangaji wa muziki kila sehemu, hii ya tarumbeta, hii ya piano, nao wakaandika. Na jukwaani aliongoza kwa bega, kwa kofia, kwa fimbo aliyopenda kuishika, kwa suruali pana iliyokuwa ikicheza kabla yake. Kabila lilimwelewa.

Na kabila lilisafiri. Cuba ni kisiwa chembamba lakini kirefu, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Pinar del Río hadi Guantánamo, na muziki wake haukuishi Havana peke yake. Kila mji ulikuwa na mtakatifu wake na sikukuu yake, kila kiwanda cha sukari kilikuwa na kijiji chake, na siku ya sikukuu watu walitaka bendi. Basi likabeba ngoma na watu, likaacha barabara kuu, likaingia njia za udongo mwekundu katikati ya miwa. Alijulikana kwa kuchelewa. Mara nyingine hakutokea kabisa, na watu waliokwishalipa wakakasirika. Wiki iliyofuata akija, walisahau yote akishafungua kinywa. Msamaha huo wa haraka husimuliwa kama ushahidi wa jinsi alivyopendwa. Mimi naona pia upande wake mwingine. Mtu anayesamehewa kila kitu kwa sababu ya sauti yake ni mtu ambaye hakuna anayemuuliza amelala wapi, amekula nini, na kwa nini mikono inatetemeka.

Historia ya ramu inanifanya nisipite haraka hapa. Kinywaji hiki kilikua katika mashamba ya visiwa vya Karibi katika karne ya 17, na tangu mwanzo kilikuwa njia ya kumlipa mtu bila kumlipa. Watumwa waliokata miwa walipewa ramu siku za mvua, usiku wa kazi ya kiwandani na wakati wa sikukuu. Baada ya Waingereza kuiteka Jamaica mwaka 1655, mabaharia wa meli zao za vita walianza kupewa ramu, na mgao huo wa kila siku uliendelea mpaka tarehe 31 Julai 1970. Fikiri ni vizazi vingapi hivyo. Baharia aliyevutwa kwa nguvu kutoka mitaa ya bandari, mwenye ujira mdogo unaocheleweshwa, alipewa kipimo chake cha ramu na akashukuru kwa moyo wote, kwa sababu palikuwa na baridi na kilipasha mwili. Mahali palipostahili mshahara, mapumziko au uhuru, iliwekwa glasi. Aliyeiweka akaonekana mkarimu.

Nisije nikaeleweka kwamba naona ramu ni uchafu mtupu. Cuba wanayo desturi ambayo mtu wa kwetu hahitaji kufafanuliwa: chupa mpya ikifunguliwa, matone ya kwanza humwagwa chini kwa ajili ya watakatifu. Wazee wetu wanaofanya tambiko wanajua maana yake, kwamba kinywaji kina wenyewe kabla yako, na wewe unapokea kilichobaki. Santiago de Cuba, mji ambamo Facundo Bacardí alianzisha kiwanda chake cha ramu mwaka 1862, ndio huohuo ulioizaa Trío Matamoros mwaka 1925. Watu wa mji ule walikunywa, wakaimba, wakazikana, wakaoana, na katika hayo yote chupa ilikuwa mezani kama mmoja wa ndugu. Mwanamuziki aliyesafiri siku nzima juu ya mabenchi ya basi, akafika mji asioujua, akakuta mtu amemwekea kiti kivulini na glasi ndogo, amepokewa. Hilo silidharau. Mtu anayedharau mapokezi hajawahi kuwa mgeni.

Ila kupokewa ni mlango tu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na nadhani hakuna mgeni ambaye methali hii inamfaa kuliko mwanamuziki. Anakuja, tunapona. Tunapona uchovu wa wiki, ugomvi wa nyumbani, msiba wa mwezi uliopita. Halafu yeye mwenyewe anapona kwa nani?

Na Benny Moré si mgeni kabisa kwetu. Katika ukoo wake palisimuliwa kwamba babu wa babu zao, aliyeitwa Gundo, alikuwa mtoto wa mtawala kutoka Kongo, akakamatwa akiwa na miaka tisa na kuvushwa Atlantiki. Utumwa ulifutwa Cuba mwaka 1886 tu, kwa hiyo habari hiyo haikuwa mbali na wazee waliomlea. Huko Lajas wazao wa Wakongo walikuwa na nyumba yao ya ngoma, Casino de los Congos, na mtoto Benny alikulia katika ngoma zile. Kisha, kuanzia miaka ya 1930, kampuni ya His Master's Voice ikaleta Afrika santuri za muziki wa Cuba katika mfululizo uliojulikana kwa herufi GV. Ziliteremka kwenye bandari zetu, na masikio ya watu wa Léopoldville na ya watu wa Mombasa yakatambua kitu chao ndani ya lugha wasiyoijua.

Morogoro alikuwako kijana aliyeitwa Salum Abdallah. Inasimuliwa kwamba muziki ule ulimpagawisha mpaka akatoroka nyumbani, akafika Mombasa akitafuta meli ya kumpeleka Cuba. Meli haikupatikana. Akarudi, akaanzisha bendi chini ya milima ya Uluguru, na bendi hiyo ikaja kuitwa Cuban Marimba. Nikiwaza habari za mtoto wa Kongo aliyevushwa asitake, na za kijana wa Morogoro aliyetaka kuvuka asiweze, nahisi bahari ile ina deni kwetu ambalo muziki peke yake umekuwa ukililipa kidogo kidogo. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari, hajafikisha miaka 40. Miaka 14 baadaye, mwaka 1979, mwana mwingine wa jukwaa la Morogoro, Mbaraka Mwinshehe, naye akafa kwa ajali ya gari Mombasa akiwa na miaka 34. Wawili hao barabara iliwachukua. Moré ilimchukua chupa. Kwangu mimi barabara na chupa ni ndugu, maana zote mbili ni sehemu za kazi ambayo sisi wasikilizaji hatukuwa tukiiona. Tuliona saa nne za jukwaani. Hatukuona saa kumi na mbili za kufika jukwaani.

Bendi za dansi za Tanzania zilijua njia kuliko madereva wengi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kupitia Dodoma na Singida; kutoka Morogoro hadi Iringa, katikati ya wanyama wa Mikumi na kisha ule mlima wa Kitonga ambao lori lililojaa huupanda kwa kunguruma; kutoka Tabora hadi Kigoma msimu wa masika, mahali ambapo barabara hugeuka bwawa na watu wote wanashuka kusukuma, mwimbaji na mpiga tumba bega kwa bega na utingo. Spika, amplifaya na jenereta juu ya lori, watu juu ya spika. Wengi hawakuwa na chombo hata kimoja cha kwao. Gita lilikuwa la mwenye vyombo, na mwenye vyombo akikasirika, mpigaji anabaki na vidole vyake. Orchestra Super Matimila ya Remmy Ongala ilibeba jina la mfanyabiashara aliyekuwa na vyombo. Mtu anaweza kuijaza nchi nzima nyimbo zake na bado asiwe na kitu cha kuwekea rehani.

Mzee mmoja aliyepiga besi miaka ya 1970 katika bendi mbalimbali za mikoani nilimtembelea nyumbani kwake. Alikuwa amekaa kibarazani anachambua mchicha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasogeza kigoda. Tulipofika kwenye habari za safari uso wake ukachangamka. Alinieleza jinsi walivyowahi kukwama porini usiku, dereva akaogopa kushuka kwa sababu ya simba, basi mpiga saksafoni akapiga mpaka alfajiri ili watu wasilale na moto usizimike. Akacheka sana. Nikamuuliza juu ya ulevi wa wanamuziki, kwa adabu, maana ni mzee wangu.

Hakuchukia. Alisema, "Mwanangu, sisi tulikuwa tunafika mji tangu asubuhi tuko na njaa. Kabla hujashusha vyombo, mtu ameshakuja na chupa. Anasema, hii ya kwako, nakupenda sana wewe. Chakula kitakuja saa nne usiku, au kitakuja kesho. Lakini chupa, chupa haikuwahi kuchelewa hata siku moja." Akanyamaza akaendelea na mchicha. Baadaye akaongeza kwamba jukwaani ilikuwa hivyohivyo. Mtu anapendezwa na solo, anatuma bia. Mwingine asizidiwe, anatuma mbili. Chupa zinapangwa mbele ya spika, na mwanamuziki ambaye chupa zake ni chache anaonekana hapendwi. Mshahara wa mwezi je? Ulikuwa ukija ukiwa nusu, akasema, na nusu nyingine ikawa maneno.

Sijapata kusikia maelezo ya haki kuliko hayo. Hakusema walilazimishwa. Hakusema hawakupenda. Walipenda, na katika kupenda kwao palikuwa na urafiki wa kweli na usiku wa kweli. Lakini glasi ilitangulia chakula, na mtu akila hivyo kwa miaka ishirini, mwili unamdai.

Waislamu wanayo hadithi ya Mtume inayotaja watu kumi kuhusiana na pombe. Mnywaji ni mmoja tu kati yao. Yumo anayeikamua, yumo anayeibeba, yumo anayeimimina, anayeiuza, anayeinunua. Zamani nilipoisikia msikitini niliiona kali. Sasa naona ndani yake uelewa mkubwa wa jinsi mambo yanavyotokea duniani, kwamba glasi hairuki yenyewe ikatua kinywani mwa mtu. Ina safari, na kila aliyeigusa njiani ana sehemu yake. Sisi katika kumbi za dansi tulizoea kumlaumu wa kumi na kuwaita wengine tisa mashabiki.

Tunapenda hata kuugeuza ulevi kuwa pambo la sifa. Nikumbuke Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 baada ya maisha marefu ya msondo, unyago na taarab, mwanamke aliyejifunza nyimbo za Siti binti Saad na kuzibeba mpaka majukwaa ya Ulaya, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX. Kila aliyetoka kumwona alirudi na kisa cha sigara zake na kinywaji chake. Vilikuwa vya kweli, na alivifurahia bila kumwomba mtu ruhusa. Lakini ni wangapi kati yetu tunaoweza kusimulia alichokuwa akiwafundisha wasichana katika unyago, au namna mkono wake ulivyopiga ngoma akiwa na umri ambao wengine hawawezi kushika kikombe? Tulichagua kisa kilicho rahisi kubeba. Na kijana anayeingia kwenye muziki leo anakiokota kisa hicho na kudhani ndicho kilichomfanya Bi Kidude kuwa Bi Kidude.

Moré mwenyewe, pamoja na ulevi wake, alielewa vizuri tofauti ya glasi na ujira. Inasimuliwa kwamba katika ziara ya Venezuela, mwandaaji alipokwepa kuwalipa wanamuziki wake, alimvaa, na jambo likafika polisi. Sipigii makofi ugomvi. Ninachokiona ni kwamba mtu huyu ambaye kwa nafsi yake aliweza kuridhika na chupa na wimbo, kwa kabila lake hakuridhika. Alijua nyumbani kwa mpiga tarumbeta kuna watoto. Aliwadai waandaaji kwa niaba ya wenzake kile ambacho hakuna aliyekidai kwa niaba yake.

Dansi lake la mwisho alipiga Palmira, mji usio mbali na kwao Lajas, akiwa tayari mgonjwa sana. Siku chache baadaye akafa Havana, na jeneza likarudishwa Lajas, watu wamejaa njiani kote. Umati kama ule tunaujua hata sisi. Mwanamuziki akifa hatukosi. Tunajaza barabara, redio inapiga nyimbo zake tangu asubuhi, viongozi wanatoa rambirambi, na mchango wa mazishi unapatikana kwa siku moja, wakati mchango wa matibabu ulizungushwa miezi sita kwenye bakuli na kurudi na sarafu. Sielewi kwa nini mkono wetu huwa mwepesi kwa bia na kwa jeneza, na mzito kwa yote yaliyo katikati. Labda ni kwa kuwa bia na jeneza huonekana na watu, lakini mtu akikupeleka hospitali Jumanne asubuhi hakuna anayekuona.

Nilipoaga, yule mzee alinisindikiza mpaka barabarani. Bado anapiga, Jumamosi kwa Jumamosi, katika baa moja yenye bendi ya wazee wenzake na vijana wawili wanaojifunza. Nikamuuliza, "Mzee, nikija Jumamosi nikuletee nini?" Sikuwa nimepanga kuuliza hivyo, na nadhani alitegemea nitaje kinywaji kwanza, kwa sababu alinitazama kidogo kabla ya kujibu. Akasema nyuzi za besi, zile nne kamili, kwa kuwa uzi wake wa chini umekufa na anaufunga kwa waya. Akasema pia nije mapema, saa mbili, ukumbi ukiwa bado hauna watu, maana nyimbo za mwanzo ndizo wanazozipiga kwa akili zote na kwa kawaida hakuna anayezisikia isipokuwa wahudumu. Na kama nitakuwa na nafasi nipitie kwa mama lishe wa pale nje, nilipie sahani sita za wali na maharage ziingie ndani kabla ya saa mbili na nusu.

Nyuzi nimezipata Kariakoo.